Mbwa kijana akikataa kupigwa brashi, asilazimishwe

Mbwa aliyezoea kutulia anapopigwa brashi huweza kubadilika anapofikisha umri wa miezi 6 hadi 18, ambacho ndicho kipindi chake cha balehe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, ulibaini kuwa mbwa wa miezi 8 huwatii walezi wao kwa kiwango kidogo kuliko walipokuwa na miezi 5. Hali hiyo hupita.

Kwanza, hakikisha haumwi. Kupe, kidonda, maumivu ya sikio au manyoya yaliyosokotana hutosha kumfanya akatae kuguswa. Ukiwa na shaka, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Akiwa mzima, anza upya. Mguse begani, mpe kipande kidogo cha nyama, kisha mwache. Akizoea, pitisha brashi mara moja na umzawadie tena. Dakika chache kila siku ni bora kuliko nusu saa ya kumkandamiza. Masikio na miguu viwe vya mwisho. Kata ncha tu ya kucha, kwa kuwa ndani yake mna mshipa wa damu.

Akilamba midomo, akipiga miayo au akigeuza kichwa, pumzika. Akinguruma, usimchape. Mngurumo ni onyo, na mbwa anayeadhibiwa kwa kuonya huweza kuja kuuma bila kuonya, pengine akamuuma mtoto wa nyumbani.