Leseni ya Kenya ugenini: Itakufikisha wapi?

LESENI ya udereva ni hati ya nchi moja. Serikali iliyoitoa huitambua bila masharti, lakini ikishavuka mpaka hutegemea mikataba ya kimataifa na sheria za mwenyeji. Wakenya wengi wanaokwenda ng'ambo kusoma, kutembea au kutafuta riziki hupuuza jambo hili hadi siku wanaposimamishwa na polisi barabarani, au wanapokataliwa katika afisi ya kukodisha magari ilhali wamekwisha kulipa.

Mikataba miwili

Msingi wa suala hili ni mikataba miwili ya Umoja wa Mataifa kuhusu usafiri wa barabarani: ule wa Geneva wa 1949 na ule wa Vienna wa 1968. Kenya ilijiunga na wa Vienna mwaka 2009. Uganda imo katika ule wa Geneva.

Tofauti hiyo si ya makaratasi tu. Japan, kwa mfano, hutambua vibali vya kimataifa vilivyotolewa kwa mujibu wa mkataba wa Geneva pekee. Kwa hiyo Mganda mwenye kibali chake anaweza kuendesha gari jijini Tokyo, naye jirani yake Mkenya asiweze. China bara haitambui kibali cha kimataifa cha aina yoyote. Mgeni hulazimika kuomba leseni ya muda ya huko.

Kibali si leseni

Kibali cha kimataifa cha udereva ni kijitabu kinachofasiri leseni yako katika lugha kadhaa ili askari wa nchi nyingine aweze kuisoma. Peke yake hakina nguvu. Sharti kiandamane na leseni halisi, na leseni hiyo ikiisha muda, kibali nacho hufa papo hapo. Cha Geneva hudumu mwaka 1; cha Vienna hakizidi miaka 3.

Kibali hutolewa katika nchi iliyotoa leseni. Nchini Kenya, wasafiri wamezoea kukipata kutoka kwa chama cha magari cha AA Kenya. Kuna walaghai kwenye intaneti wanaouza kile wanachokiita "leseni ya kimataifa" na kudai kwamba itamwezesha mtu kuendesha gari popote duniani hata kama hana leseni ya kwao. Hati ya namna hiyo haipo. Anayeinunua hupoteza fedha zake, na akiionyesha kwa polisi huenda akajitia mashakani.

Mtego wa miezi 12 Uingereza

Tangu Kenya na Uingereza zitie saini makubaliano kuhusu wahudumu wa afya mnamo Julai 2021, suala hili limekuwa na uzito zaidi. Kazi ya kuwahudumia wazee na wagonjwa majumbani humtaka mfanyakazi azunguke kutoka nyumba hadi nyumba, na aghalabu mwajiri hutaka mtu mwenye leseni. Asiyeweza kuendesha huenda akaikosa kazi hiyo.

Sheria ya Uingereza, Scotland na Wales humruhusu mwenye leseni halali ya Kenya kuendesha gari dogo, lisilozidi tani 3.5 wala viti 8 vya abiria, kwa muda wa miezi 12. Kwa mgeni wa kupita, muda huo huhesabiwa tangu alipoingia nchini mara ya mwisho. Kwa aliyehamia, huhesabiwa tangu alipokuwa mkaazi, na kurudi nyumbani kwa likizo ya Krismasi hakuanzishi hesabu upya.

Miezi hiyo ikiisha, leseni ya Kenya haibadilishwi kwa ile ya Uingereza. Afrika Kusini na Zimbabwe zimo katika orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa, Kenya haimo. Mkenya hata akiwa na tajriba ya miaka 20 hurejeshwa kwenye uanagenzi: achukue leseni ya mwanafunzi, abandike herufi L kwenye gari, na aketi na msimamizi aliyetimiza miaka 21 na ambaye amekuwa na leseni kwa miaka 3. Kisha afanye mtihani wa nadharia wenye maswali 50, ambapo hupita kwa kupata 43, pamoja na jaribio la kutambua hatari kwa video. Mwisho hufanya mtihani wa barabarani. Anayefaulu kwa gari la otomatiki haruhusiwi kuendesha lile la gia za mkono.

Foleni ya kungoja mtihani wa barabarani imekuwa ndefu tangu janga la korona la 2020. Kwa sababu hiyo, ni busara kuanza safari hii katika miezi ya kwanza badala ya kungoja mwezi wa 11.

Anayeendelea kuendesha baada ya muda kupita huhatarisha bima yake. Faini ya kawaida ya kuendesha bila bima huko ni pauni 300 na alama 6 kwenye leseni, na polisi wanaweza kulitwaa gari. Akimgonga mtu, gharama zinaweza kumwandama kwa miaka mingi.

Nchi nyingine

Nchini Ujerumani, aliyehamia hutumia leseni ya kwao kwa miezi 6, akiwa na tafsiri au kibali cha kimataifa. Baadaye Mkenya hufanya mitihani ya nadharia na ya barabarani.

Marekani kila jimbo lina sheria zake. California humruhusu mgeni kutumia leseni halali ya kwao, lakini anayehamia hupewa siku 10 kuomba ya jimbo. New York hutoa siku 30. Katika Milki za Kiarabu, mtalii anaweza kutumia kibali cha kimataifa, ila mkaazi hutakiwa kuwa na leseni ya huko.

Kwa majirani, kumbuka kwamba Rwanda na Burundi magari hupita upande wa kulia. Anayevuka mpaka na gari lake huhitaji pia Kadi ya Manjano ya COMESA, ambayo ni bima ya kulipa hasara aliyosababishiwa mtu mwingine.

Kukodi gari

Kuruhusiwa na sheria hakumlazimu mwenye gari akukodishe. Kampuni nyingi hutaka dereva awe ametimiza miaka 21 au zaidi, na hutoza ada ya ziada kwa walio chini ya 25. Aghalabu hutaka leseni iwe imedumu angalau mwaka mmoja, na kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe ili wazuilie amana. Baadhi hudai kibali cha kimataifa hata pale ambapo sheria haikitaki. Soma masharti kabla ya kulipa, na uulize ni kiasi gani cha hasara utakachobeba mwenyewe iwapo gari litaharibika.

Kabla ya kuondoka

Hakikisha leseni yako haitaisha ukiwa ugenini. Ikiwa imebakisha miezi michache, ihuishe mapema. Beba hati asili, wala si nakala. Uliza ubalozi wa nchi uendako au idara yake ya leseni, kwa maana kanuni hubadilika. Wahenga walinena kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Barabarani ni vivyo hivyo: sheria inayotawala ni ya mwenyeji.