Ukuta ndio unaua: tetemeko la 1966 na nyumba tunazojenga leo

Wandugu wanamemba, na ninyi wafadhili wetu,

Tunaporudia Kilo, kila mmoja anawaza kwanza juu ya vita iliyotutoa. Ni haki. Lakini kuna jambo lingine la kukumbuka mbele ya kusimamisha nyumba.

Bonde la Ziwa Albert lilitokea kwa sababu inchi ilipasuka na kushuka. Mwenye kutoka Bunia kwenda Kasenyi anajionea mwenyewe: barabara inashuka kutoka metri 1200 hivi mpaka 600 na kitu. Kilo yetu iko magharibi ya ukingo huo. Mpasuko unaendelea kusini kando ya Ruwenzori, mpaka Kivu na Tanganyika, na haujalala.

Tarehe 20 Machi 1966, usiku, inchi ilitetemeka upande wa Semliki, kati ya Beni na Toro ya Uganda. Watu zaidi ya 150 walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya yenga, ikawa zamu ya Bukavu na Cyangugu. Kule Rwanda, kanisa liliangukia watu wakiwa katika sala.

Inchi yenyewe haiui sana. Ukuta ndio unaua. Wazee wetu walijenga kwa miti, fito na potopoto. Nyumba ile ikitikiswa inapinda, udongo unaanguka, lakini miti inashikana. Ubaya wake ni moto, na sisi tuliochomewa nyumba za manyasi tunaujua vizuri. Ndiyo maana kila mtu sasa anataka matofali. Lakini tofali lililoshikwa na udongo tu halipindi. Linaanguka, tena juu ya watoto waliolala.

Basi tusiache matofali, ila tuyafunge. Juu ya kuta zote tuzungushe mshipi wa fero na betoni, ule mafundi wanaita shenaji. Madirisha yasikaribie kona. Kuta zisiwe ndefu mno. Na paa liwe la mabati, juu ya wepesi wake.

Wafadhili, asanteni kwa mabati. Mkiongeza fero na simenti ya shenaji, mtakuwa mmelinda watu, si mali tu. Na sisi wanamemba, tusaidiane kazi ya mikono, nyumba kwa nyumba.

Moto tuliukimbia. Tetemeko halikimbiwi, linangojewa ndani ya nyumba iliyofungwa vizuri.