Jinsi Ufipa ilivyojaa watu

MATOKEO ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 yalionyesha kuwa Mkoa wa Rukwa una watu 1,540,519. Miaka kumi kabla walikuwa 1,004,539. Hilo ni ongezeko la asilimia 4.3 kwa mwaka, wakati wastani wa taifa ni asilimia 3.2. Kwa kasi hiyo, idadi ya watu huwa maradufu kila baada ya miaka 16 hivi.

Mkoa huu wa pembezoni umejaaje namna hii? Tuanze na udongo.

Nyanda za juu za Ufipa, zilizo mkoani humu kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ni nchi ya nyasi na miti michache. Kilimo cha kufyeka na kuchoma misitu kisingeweza kulisha watu wengi hapa, hivyo Wafipa wakalima kwa intumba. Mvua zikielekea ukingoni, mkulima hukata mabonge ya udongo pamoja na nyasi zake, akayapindua na kuyarundika kuwa tuta la mviringo. Nyasi huozea ndani huku maharage yakiota juu. Msimu unaofuata tuta huvunjwa, mbolea yake ikasambazwa shambani, ukapandwa ulezi. Kwa maarifa hayo watu waliweza kuishi pamoja katika vijiji vilivyoshikamana.

Lakini watu wa Ufipa hawakukaa wametulia. Miaka ya 1840 waliingia Wangoni wa Zwangendaba, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835. Kiongozi huyo alifia Ufipa, na wafuasi wake wakagawanyika: wapo walioelekea kaskazini Unyamwezini, wapo waliofika Songea, na wengine wakarudi kusini hadi Malawi na Zambia ya leo. Enzi za ukoloni, vijana wa kiume walitoka kwenda kufanya kazi za manamba kwenye mashamba ya mkonge. Kijiji kikiondokewa na wanaume wenye nguvu, jembe lote huangukia mikononi mwa wanawake, wazee na watoto.

Baada ya uhuru mkondo uligeuka. Wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi Katumba na baadaye Mishamo, wilayani Mpanda, eneo lililokuwa sehemu ya Rukwa mkoa ulipoundwa katikati ya miaka ya 1970. Wafugaji wa Kisukuma nao walishuka na ng'ombe wao hadi Bonde la Rukwa wakitafuta malisho na mashamba.

Hapa msomaji wa takwimu awe mwangalifu. Sensa ya 2002 iliipa Rukwa zaidi ya watu milioni 1.1, idadi kubwa kuliko ya 2012. Hakuna aliyekimbia: Mpanda ilikatwa na kuwa Mkoa wa Katavi. Kabla ya kulinganisha idadi, linganisha kwanza mipaka.

Leo kuhama na kuzaliana vinakwenda pamoja. Kitaifa, karibu watu 43 kati ya kila 100 wana umri chini ya miaka 15. Hata kila mama akipunguza idadi ya watoto, wasichana wa leo ni wengi mno. Wakianza kuzaa, idadi itaendelea kupanda kwa miongo kadhaa. Rukwa ilikuwa na watu 44 kwa kilometa ya mraba mwaka 2012. Mwaka 2022 walikaribia 68. Intumba inataka nyasi, na nyasi zinataka ardhi iliyopumzishwa. Ardhi ya kupumzisha ndiyo inayopungua.

Kwa karne mbili, aliyebanwa Ufipa alikuwa na pa kwenda. Nafasi hiyo inazidi kufinyika. Kwa hiyo kila halmashauri ya mkoa huu haina budi kuishusha sensa hadi kijijini: mpango wa matumizi ya ardhi upimwe kwa idadi ya kaya, mipaka ya malisho na mashamba ichorwe kabla ya ugomvi, madarasa na zahanati vijengwe kwa hesabu ya watoto ambao tayari wamezaliwa. Watoto hao tumeshawahesabu. Kuwaandalia nafasi ni wajibu wetu.