Toka Chungu cha Munkoyo mpaka Kiwanda cha Bia

Uliza kijana wa Likasi: pombe inatoka wapi? Atakujibu: Lubumbashi, ku Brasimba. Jibu lake si la uongo. Simba na Tembo zinatengenezwa kule, kilometa karibu 120 toka hapa kwetu. Lakini jibu hilo linaacha nusu ya historia, na ile nusu ni ya bamama wetu.

Mbele njia ya reli ifike Elisabethville mwaka wa 1910, watu wa inchi hii walikuwa wanajipikia pombe. Wabemba wanaiita ubwalwa. Ilikuwa na kazi yake: kupokea mgeni, kumaliza magomvi, kushukuru waliosaidia kulima, kukumbuka bankambo. Aliyejua kuipika alikuwa mwanamke, na heshima ya sherehe ilikuwa mikononi mwake.

Tuangalie munkoyo. Mama anapika uji wa mahindi, anauacha upoe kidogo, anatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Kisha saa chache ule uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu. Mizizi ina enzimu zinazokata wanga wa mahindi na kuugeuza sukari. Halafu chachu (levire) na vijidudu vingine vinakula ile sukari. Siku ya kwanza hata mtoto anakunywa; siku zikipita unakuwa mchachu na mkali.

Bia ya kiwanda ilifuata mushahara. Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906, na mji wetu ukakua kwa shaba. Toka 1931 mpaka 1966 uliitwa Jadotville. Watu wengi walikuja kutafuta kazi, toka Kasai mpaka Rodezia ya Kaskazini. Penye watu wenye franga, biashara inafika. Kule Léopoldville, Bralima ilianzishwa mwaka wa 1923, na Primus ikaanza kutoka 1926. Miaka ileile ya 1920 Elisabethville nayo ikapata kiwanda chake. Bia ikawa na nguvu hata katika siasa: Patrice Lumumba, mbele ya kuwa waziri wa kwanza mwaka wa 1960, alifanya kazi ku Bracongo, akitangaza bia ya Polar mu mitaa ya Léopoldville. Huko watu wengi wakamjua.

Sasa tuingie ndani ya kiwanda kikubwa. Kwanza kuna shayiri iliyooteshwa kidogo na kukaushwa, ndiyo malti. Shayiri si zao la huku kwetu, kwa hiyo malti inatoka mbali. Mahindi ao mchele vinaongezwa. Mashini inasaga, kisha unga unaingia mu pipa kubwa la maji ya moto, karibu digri 65, baadaye zaidi ya 70. Pale enzimu za malti zinafanya kazi ileile ya mizizi ya munkoyo: wanga unakuwa sukari. Maji matamu yanachujwa, na makapi wanapewa wafugaji wa ngulube na ngombe. Maji yale yanachemshwa saa moja ao zaidi pamoja na hubuloni, ua linaloleta uchungu na kusaidia bia isiharibike. Yanapozwa haraka, chachu inatiwa, na inafanya kazi karibu juma moja ndani ya matanki marefu ya chuma. Bia inakaa tena mu baridi kali, inachujwa, inaingia mu chupa zilizooshwa kwa soda kali. Mwisho chupa inapashwa moto karibu digri 60 ili vijidudu vife. Jina la kazi hiyo linatoka kwa Mfaransa Louis Pasteur, aliyetoa kitabu juu ya bia mwaka wa 1876. Mwaka wa 1883, Emil Christian Hansen wa Carlsberg, kule Danemark, alifaulu kuotesha chachu ya aina moja tu, safi. Ndiyo sababu chupa ya leo na ya kesho zina ladha moja.

Unaona, basi: kiwanda hakikuleta siri mpya. Kugeuza wanga kuwa sukari, kupoza, kuachia chachu: mama alijua yote. Kiwanda kilileta kipimo, usafi, baridi ya mashini, na chupa inayoweza kukaa miezi. Hivyo si vidogo, tusivizarau. Munkoyo unaharibika kisha siku chache, na chungu kichafu kinaweza kugonjesha watu.

Lakini tumepoteza kitu. Faida ya chungu ilibaki mu kijiji. Faida ya chupa inakwenda mbali. Tena wanafunzi wetu wanajifunza enzimu mu biolojia bila kujua kwamba nkambo wao alikuwa anazitumia. Misitu inakatwa juu ya makala, na wanaojua kuchimba ule mzizi wanazeeka. Mzizi ukipotea na mwenye kuujua akifa, hakuna kiwanda kitakachotuuzia ujuzi huo.

Hatusemi watoto wanywe pombe. Ulevi umevunja nyumba nyingi. Tunasema hivi: wazazi, waonyesheni watoto ule mzizi. Walimu wenzangu, mukifundisha enzimu, anzeni na chungu cha mama, kisha muende ku matanki ya Lubumbashi. Mtoto atafahamu mara moja, tena atajua kwamba sayansi haikuingia inchi hii na gari la moshi.