Wanawake wa lelemama waliojiita wana wa kiume

Siku hizi ukipita Kuze usiku wa harusi, unachosikia ni spika. Zamani ungesikia wanawake wenyewe. Mombasa ya wakati wa ukoloni ilikuwa na vyama vya wanawake vya ngoma ya lelemama, na viwili vilivyoshindana kwelikweli viliitwa Ibinaal Watan na Banu Saada. Walishindana kwa mavazi, kwa karamu na hasa kwa maneno.

Hebu tuyatazame majina hayo. Kwa Kiarabu, 'ibn' ni mwana wa kiume, na 'banu' ni wana wa kiume wa ukoo fulani. Wanawake wa Kiislamu, wengi wao wakitawa, wakajiita wana wa kiume wa nchi! Wapo watakaosema hawakujua Kiarabu. Mimi naona jina lilipitia kwanza kwenye Kiswahili, ambamo 'mwana' si lazima awe wa kiume, na ambamo Mwana ni jina la heshima la mwanamke. Si mapokeo ya mji huu yanamtaja Mwana Mkisi kuwa mtawala wake wa mwanzo?

Silaha ya lelemama ilikuwa fumbo. Mwizi au mzinzi alitungiwa wimbo bila kutajwa, na wasikilizaji wakamjua. Akijibu, ndiyo amejitaja. Hapo baadhi ya wenzangu wa chuoni hushangilia mapema mno, ati huo ni utetezi wa wanawake. Wanasahau kuwa aliyefumbwa mara nyingi alikuwa mwanamke pia.

Kisha kuna nasaba. Utumwa ulikomeshwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini sheria ile haikuyafuta maneno 'mngwana' na 'mzalia'. Somo 'Wanawake Watatu wa Kiswahili', kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel. Bi Kaje wa Mwenye Matano ni mngwana. Mishi wa Abdala ni wa uzao wa watumwa. Mji ni mmoja, lakini kila mmoja ameuingia kwa mlango wake. Kwa wenzake Mishi, lelemama ilikuwa nafasi ya kusimama mstari mmoja na waungwana, ingawa fumbo la asili ya mtu lingeweza kurushwa wakati wowote.

Trinidad nako, kwenye uzao wa watumwa vilevile, kalipso ilikuwa uwanja wa wanaume wa kurushiana maneno. Calypso Rose aliposhinda mwaka 1978, cheo cha Mfalme wa Kalipso kilibidi kibadilishwe jina. Wetu hawakungoja kubadilishiwa. Walilitwaa jina la kiume wakajifunga kama leso.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, kutoka kwenye vyama hivyo vya ngoma, zikazuka jumuiya za wanawake wa Kiislamu za kushughulikia elimu na maslahi. Wakati huohuo, wanawake wa Mombasa ambao serikali iliwahesabu kuwa Waarabu waliiandikia wakidai haki ya kupiga kura. Barua hiyo haikuwa na fumbo. Walitia sahihi zao.