Fidia kwa mdhurika (jinai, Zanzibar)

Ni malipo ambayo mahakama ya jinai humwamuru mkosaji kumpa mtu aliyedhurika, aghalabu juu ya kifungo au faini. Jinai kwa ujumla si jambo la Muungano, hivyo Zanzibar hufuata Sheria ya Adhabu Nambari 6 ya 2018, si Kanuni ya Adhabu ya Bara. Amri hufaa pale hasara inapothibitishwa na ushahidi uleule wa kesi: mlango uliovunjwa Mji Mkongwe, gharama za matibabu. Kwa ubakaji, Bara iliifanya fidia kuwa lazima mwaka 1998, na ni haki: mtoto aliyebakwa asilazimishwe kufungua kesi ya pili ya madai. Fidia isichanganywe na pesa za sulhu zinazopitishwa kati ya familia kwa sababu ya muhali. Hizo huzima kesi. Amri ya mahakama hufuata hatia iliyothibitishwa.