Mji Uliojengwa ili Kununua Watoto

Mwaka wa 1836, katika jimbo la Illinois lililo katikati ya Marekani, mtu mweusi aliyeitwa Frank alipimisha ekari 42 za nyika, akazigawa viwanja 144 pamoja na barabara zake, akauita mji huo New Philadelphia. Watu wengi walianzisha miji siku hizo ili wapate utajiri. Frank alitaka fedha za kuwakomboa watoto wake.

Alizaliwa mtumwa katika South Carolina mwaka wa 1777, kisha bwana wake akamhamishia Kentucky. Bwana huyo alipokwenda kukaa Tennessee, alimwachia Frank shamba alitunze. Usiku na siku za mapumziko Frank alichimba shura mapangoni, yaani chumvi ya kutengenezea baruti. Mwaka wa 1812 vita vikazuka baina ya Marekani na Uingereza, na bei ya shura ikapanda sana.

Sasa msomaji atadhani kwamba mtu huyu, akiisha kuweka akiba, alijinunua mwenyewe kwanza. Sivyo. Mwaka wa 1817 alitoa dola 800 akamkomboa mkewe, Lucy, na yeye mwenyewe akabaki mtumwa miaka miwili zaidi. Sheria ilisema kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake, na Lucy alikuwa mja mzito. Kwa hiyo mtoto wao Squire alizaliwa huru. Mwaka wa 1819 Frank akalipa dola 800 nyingine kwa nafsi yake. Baadaye akatoa kiwanda chake cha shura kuwa bei ya mwanawe mmoja aliyekuwa ametorokea Kanada.

Mwaka wa 1830 akafunga safari kwenda Illinois pamoja na wale waliokuwa wamekwisha kombolewa. Watoto wengine wakabaki utumwani Kentucky. Illinois haikuwa peponi. Sheria zake ziliwabana sana watu weusi, na ng'ambo ya mto Mississippi, maili zisizofika 30, lilikuwako jimbo la Missouri lenye watumwa, ambako wakamataji wa watu waliweza kuvuka wakati wowote. Hata hivyo Frank alinunua ardhi ya serikali kwa dola moja na robo kila ekari, na mwaka wa 1837 bunge la jimbo likampa jina kamili, Frank McWorter, na haki ya kuuza mali yake.

Basi viwanja vikauzwa, kwa weusi na kwa weupe, nao wakakaa jirani kwa jirani. Palikuwa na mhunzi, mshona viatu, duka na posta. Kila kilichopatikana kilirudi Kentucky kununua mtu. Frank alifariki mwaka wa 1854, na wosia wake ukaiendeleza kazi hiyo. Jumla walikombolewa watu wasiopungua 16, kwa kiasi cha dola 14,000.

Mwaka wa 1865 mji ulikuwa na watu karibu 160. Miaka minne baadaye reli ikapita maili moja kaskazini yake, na biashara ikaifuata. Nyumba zikaanguka moja moja, viwanja vikarudi kuwa mashamba. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua huko misingi ya nyumba, misumari, vifungo na vigae vya sahani, na mwaka wa 2022 serikali ya Marekani ikaifanya nyika hiyo kuwa hifadhi ya taifa. Kaburi la Frank liko karibu na hapo.